Sifuri ya Dakika ya Tano

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa mwanangu,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Kimya,

Salamu nyingi za shangazi yako zikufikie huko uliko, wewe na mwenzio na wale wajukuu zangu wawili. Natumaini mu wazima, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama wodini kutwa umepata nafuu. Kama haujapata, vaa viatu vya chini. Nilikwambia tangu ulipokuwa mwanafunzi hukunisikia. Sasa nakwambia kwa maandishi.

Ukitaka kujua hali yangu, jana asubuhi, mkamwana wangu alipokwisha kuniegemeza kwenye mito, nilijipima kwa zile alama tano tunazompima mtoto akitoka tu tumboni, ili nikupe jibu la kitaalamu. Rangi: mwili unapendeza, ila vidole vimeanza ubuluu, alama moja. Mapigo ya moyo: yapo, lakini yangekuwa ya kichanga ningekimbia kumwita daktari, moja. Pumzi: za kusuasua, moja. Viungo: vinakunjika vikibembelezwa, moja. Kukunja uso anapochokozwa: mbili kamili, maana mkamwana akileta ile dawa chungu nakunja uso hadi yeye anacheka. Jumla sita kati ya kumi. Mtoto wa sita, kama ujuavyo, huangaliwa kwa karibu na kwa kawaida hupanda. Bibi wa miaka themanini na miwili aliyevimba miguu hadi magotini hapandi.

Daktari wa hapa ni kijana mpole. Alikuwa akinizungushazungusha kwa maneno, nikamwambia, "Mwanangu, habari za namna hii nimewapa watu kabla mama yako hajaolewa. Sema." Akasema: wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Nikamshukuru. Nawe usilie, nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu na kalamu isiyovuja.

Mwanangu hajambo, ameezeka upya lile jiko lililokuwa likivuja. Mkamwana hajambo, ananidekeza na kunifokea kwa zamu, sawasawa na inavyotakiwa. Yule paka uliyetuachia amezaa tena, watatu. Nimewapima wote, wamefaulu.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliipata siku kumi zilizopita na nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa. Umeniandikia kwamba hospitali yenu imejenga chumba kipya cha kuwahuisha watoto wanaozaliwa bila kupumua, kwamba wewe ndiye mkuu wake, na kwamba juu ya mlango patakaa kibao cha shaba chenye jina langu. Umeniomba nikuandikie kwa mkono wangu kisa cha kuzaliwa kwako, kisomwe siku ya ufunguzi mbele ya wakubwa na wanafunzi.

Nilikaa kukiandika. Nilifika mpaka "nikamkuta mtoto hapumui", kalamu ikagoma. Si mkono uliogoma, mkono ulikuwa tayari. Kisa hicho nimekisimulia miaka arobaini na mmoja, mkono unaijua njia yake. Ni mimi niliyeona siwezi kukisaini tena. Kwa hiyo nakuandikia kingine, ambacho ni cha kweli, na nakuomba uketi chini unapokisoma.

Kimya, siyo mimi niliyekuokoa.

Siku uliyozaliwa ilikuwa Jumatano, jua limejaa madirishani. Nilikuwa na umri ulio nao wewe leo, nami ndiye niliyekuwa mkunga hodari kuliko wote katika jengo lile. Nakwambia hivyo bila haya kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa ndiyo iliyoniponza. Wenzangu waliniita Bi Vidole. Wao walipima mapigo ya moyo wa kichanga kwa kipimo cha kusikilizia. Mimi nilishika shina la kitovu kwa vidole viwili, nikahesabu huku nikitazama saa ya ukutani, na sikuwahi kukosea. Wanafunzi walikuja kunitazama kama watu wanavyotazama mazingaombwe.

Mama yako alianza uchungu alfajiri. Hata katikati ya uchungu hakuacha utani wake. "Wifi," aliniambia, "mtoto akitoka na uso wa kwenu namrudisha ndani." Nikamjibu kwamba akitoka na mdomo wa kwao nitamrudisha mimi. Mpaka saa nne tulikuwa tunacheka.

Saa nne na dakika ishirini ukatoka. Kitovu kilikuwa kimekuzunguka shingo mara mbili. Ulikuwa mweupe kama chaki, mlegevu kama shati lililotolewa majini, na hukutoa hata mguno. Nilikata kitovu, nikakulaza juu ya meza ya watoto, nikashika kile kipande cha kitovu kwa vidole vyangu maarufu. Sikusikia kitu. Nikasogeza vidole, nikahesabu sekunde sita. Sikusikia kitu.

Kipimo cha kusikilizia kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Hatua tano. Nimezitembea hatua hizo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani, nikiwa nimelala. Siku ile sikuzitembea, kwa sababu Bi Vidole hakuhitaji kipimo. Wala sikukukausha. Ulikuwa umelowa chepechepe, nami nikakuacha hivyohivyo, kwa kuwa haraka yangu ilikuwa kukuhesabu.

Nikageukia daftari la uzazi. Hapa lazima nikueleze desturi yetu moja mbaya, ambayo naamini ninyi mmeiacha. Daftari lilikuwa na safu mbili, alama za dakika ya kwanza na alama za dakika ya tano. Lakini kazi zilipotuzidi hakuna aliyesubiri dakika ya tano. Mtoto aliyetoka akilia tulimwandikia nane na kumi kwa mpigo mmoja, tukaenda kwa mwingine. Tulikuwa tunaijaza kesho leo, na kwa kuwa watoto wengi ni wazima, kesho haikutuumbua.

Nilikuandikia sifuri katika safu ya kwanza. Na kalamu ikiwa bado iko palepale, nikakuandikia sifuri ya pili katika safu ya tano. Mshale wa saa ulikuwa haujamaliza dakika ya pili.

Mama yako aliniuliza, "Wifi, mbona halii?" Nikamwambia asubiri.

Sasa nikujulishe mtu ambaye hujawahi kumsikia katika kisa hiki. Alikuwa mfagizi wa wodi yetu, mwanamke mfupi wa miaka ishirini na sita hivi, ambaye hakuonekana bila dekio mkononi, kwa hiyo tukamwita Mama Dekio. Alikuwa na tabia ya kuongea na vitu. Aliigombeza ndoo, aliibembeleza sakafu, aliyaambia mashuka yaache ukaidi. Tulimcheka sana. Wakati ule aliingia kuchukua nguo chafu. Nilikufunga kwa kitambaa, nikamkabidhi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mpeleke chumba cha nyuma." Chumba cha nyuma ndipo tulipooshea vyombo, na ndipo walipongojea wale ambao hawakuhitaji kitanda.

Baadaye mama yako akaanza kutokwa damu nyingi, nikawa na kazi. Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba nilikuacha wewe ili nimwokoe yeye. Maneno hayo ni matamu na yana ukweli nusu. Damu ilikuja kweli. Lakini ilikuja baada ya mimi kuandika zile sifuri mbili, siyo kabla.

Nilimchoma mama yako sindano, nikamkanda tumbo, damu ikatii. Na nilipokuwa nikimkanda, niliisikia sauti ya Mama Dekio kupitia mlango ulio wazi, anaongea kama kawaida yake. "Hapana, mama. Huendi huko umelowa hivi. Hata kama ni huko, mtu haendi amelowa." Kisha nikasikia kitambaa kikisugua. Alikuwa anakukausha. Hakuwa anakuhuisha, Kimya. Hakujua hata kwamba kuna kitu kinaitwa hivyo. Alikukausha kwa adabu tu, mgongo, nyayo, kichwa, kama mtu anavyomwandaa mgeni asitoke na aibu.

Na wewe ukapiga chafya.

"Sista! Huyu mtu wako kapiga chafya!"

"Mama Dekio, acha mzaha wako."

"Mzaha na mimi wapi na wapi? Njoo uone! Kapiga ya pili!"

Nilikimbia. Njiani nilinyakua kile kipimo kwenye msumari. Nikakiweka kifuani pako na moyo wako ulikuwa unadunda, polepole, kama mtu anayebisha hodi na kukaribia kukata tamaa, lakini unadunda. Ulikuwa unadunda muda wote. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa viziwi.

Kilichofuata ndicho hicho ambacho umekuwa ukikisimulia. Nilichukua mpira wa hewa, nikakuwekea kifuniko mdomoni na puani, nikakupulizia. Hiyo nilifanya na niliifanya vizuri, sitajinyang'anya. Ukabadilika rangi, ukakunja ngumi, ukalia, na tangu ulipofungua mdomo ule hujaufunga. Ndiyo maana baba yako, Mungu amrehemu, alikuita Kimya. Lakini nilipotazama saa ya ukutani ilikuwa dakika ya kumi. Dakika ya tano ilishapita zamani, nawe ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwa akitazama saa.

Niliposikia viatu vya Matroni, mkuu wa wauguzi wetu, vinakuja ukumbini, nilikwenda kwenye daftari. Ile kalamu nyeusi sikuiona. Nilitoa ya buluu mfukoni. Sifuri ya kwanza niliiacha. Sifuri ya pili niliiongezea mkia kwa juu, ikawa sita. Katika safu ya maelezo, iliyokuwa bado tupu, niliandika: "Amehuishwa." Matroni akaingia, akasoma sifuri, akasoma sita, akavua miwani yake, akanikumbatia mbele ya watu.

Hivyo uongo wangu haukunikinga tu. Ulinipandisha cheo. Sifuri hadi sita kwa dakika nne! Walikuja kulitazama daftari kutoka hospitali nyingine.

Alasiri nilimkuta Mama Dekio akisuuza ndoo. Nilimwuliza, "Leo umeona nini?" Alinitazama, akasema, "Nimeona mashuka, Sista. Yanangoja kufuliwa." Basi. Sikumtisha, sikumwomba. Alinisoma usoni na akanipa nilichokuwa natafuta, nami nikakichukua.

Nilipewa cheti katika ukumbi wa mikutano. Mama Dekio ndiye aliyepanga viti. Niliposhuka jukwaani nilimwona amesimama mlangoni anapiga makofi, dekio kalibana kwapani.

Mama yako, fundi cherehani kama ulivyomjua, alinishonea gauni kila ulipotimiza mwaka, mpaka macho yake yalipomshinda. Kabati langu limejaa shukrani za mtu mwingine. Na mwaka juzi, siku mbili kabla hajatutoka, alinishika mkono akasema, "Wifi, asante kwa mtoto." Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho kwake. Nikamjibu, "Usijali, wifi." Hilo siwezi kulirekebisha, nami nitalibeba mwenyewe.

Lakini nikikomea hapa utasema, ni uoga wa siku moja, shangazi amejirudi, yamekwisha. Hayajakwisha. Lililo baya zaidi lilikuja miaka mitatu baadaye.

Hospitali ilitangaza kuchagua wafanyakazi wachache, wafagizi na wapishi, wafundishwe uuguzi msaidizi. Mama Dekio aliomba. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mwandiko wake safi, na sababu aliyoiandika kwenye fomu ilikuwa mstari mmoja: "Nimependa kazi ya watoto wachanga." Mimi nilikuwa katika kamati. Wenzangu wawili walimtaka. Niliwaza kwamba atakuwa chumba kimoja na mimi, kila siku, amevaa sare, na siku moja mwanafunzi atamwuliza ilikuwaje. Nikasema, "Elimu yake haitoshi." Kwa kuwa ni Bi Vidole aliyesema, jina likakatwa.

Alibaki na dekio miaka ishirini na minne mingine, mpaka alipostaafu. Mpaka mimi nilipotangulia kustaafu, kila asubuhi alinisalimu, "Shikamoo, Sista," nami nikaitika, "Marahaba." Wewe unafundisha, Kimya. Hebu fikiri ni watoto wangapi wangepita katika mikono ile.

Basi barua yako ilipofika, na kalamu ilipogoma, nilimtuma mkamwana amtafute. Ilichukua siku nne. Anakaa kwa binti yake, karibu na soko la mbao, safari ya nusu saa kutoka hapa. Alhamisi iliyopita saa tatu asubuhi alikuja. Magoti yanamsumbua, anatembelea fimbo. Aliingia chumbani, akatazama sakafu kabla hajanitazama mimi, akasema, "Huyu anayedeki hapa pembeni hafiki." Mkamwana alitoka nje kimyakimya. Mimi nilicheka mpaka pumzi ikanipotea, na yeye akanishika mgongo mpaka iliporudi.

Nilimwambia yote. Nilianza na kamati, kwa kuwa hilo nilidhani halijui.

"Nililijua," alisema. "Karani aliniambia wiki ileile."

"Na hukusema kitu?"

"Ningemwambia nani, Sista? Mlango wa malalamiko ulikuwa wako."

"Ulinichukia?"

Alifikiri kidogo. Sipendi mtu anayejibu swali hilo haraka. "Mwaka wa kwanza, sana," alisema. "Nilikuwa napiga deki mbele ya mlango wako mara mbili ili uteleze. Hukuteleza. Baadaye nikachoka. Chuki inataka mtu mwenye nafasi, na mimi nilikuwa na watoto wanne."

Nilimwomba radhi. Hakuniambia haina neno, na nashukuru hakuniambia. Alisema, "Umechelewa, Sista. Ila siku ile ulikuwa umewahi mno, bora hivi." Kisha akauliza habari zako. Nilimweleza wewe ni nani sasa, na chumba, na kibao cha shaba. Nilimwambia ninataka jina lake ndilo liandikwe. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Shaba? Nani ataisugua? Shaba ina kazi ile." Nikamwuliza basi anataka nini. Ndipo aliponiuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo.

"Bado anapiga chafya mbilimbili?"

Nikamwambia ndiyo, wakati mwingine tatu, na kwamba darasani walikuwa wanakuhesabia. Alifunga macho akatabasamu. Akasema, "Basi nataka kumwona. Nilimwacha ana dakika kumi."

Nilijaribu kumpa magauni ya mama yako, yote. Alikataa. "Wewe mrefu mimi mfupi, nitaonekana nimevaa pazia." Mwishowe alikubali moja, lile la kijani lenye mifuko, kwa sharti kwamba atalikata pindo mwenyewe.

Nimeandika haya kwa siku tatu, kidogokidogo, na leo namaliza. Sikilize ninachokuomba, na ukichukulie kama agizo la mkunga wa zamu anayekabidhi wodi.

Usiweke jina langu mlangoni. Siyo unyenyekevu, kibao kile kitawafundisha wanafunzi wako jambo la uongo. Kama shaba imeshachongwa, igeuzeni upande wa pili.

Ule ukurasa wa daftari uliouweka kwenye fremu ofisini kwako, na ambao umeniambia huwaonyesha wanafunzi kila mwaka, usiutupe. Ulipoupiga picha uliniuliza, "Shangazi, mbona mkia wa sita ni wa buluu?" nikakujibu kwamba kalamu ziliisha. Uliona vizuri. Waonyeshe huo mkia. Waambie ni mkia wa mtu mwenye sifa kubwa kuliko masikio yake. Na waambie hivi, kwa maneno haya: mkausheni mtoto kwanza, ndipo mumhesabu. Na asiandike mtu alama ya dakika ambayo haijafika.

Barua hii uisome siku ya ufunguzi, badala ya ile uliyoomba. Isome nikiwa hai au nikiwa nimekwenda. Nikiwa hai nitapata aibu, na aibu haijawahi kumwua mgonjwa wa moyo ambaye tayari ana tarehe.

Na uje, au mlete yeye huko. Nyuma ya bahasha nimeandika anwani ya binti yake. Binti yake amekubali kumsindikiza. Usimtumie salamu na zawadi ukadhani umemaliza. Alikushika mwili mzima, basi nenda ukamshike.

Kuhusu mimi na wewe. Najua umejenga maisha yako juu ya kisa changu. Uliniambia ndicho kilichokufanya uwe daktari, na sasa natoa msingi nyumba ikiwa imeshaezekwa. Nimeliwaza sana hilo, na jibu langu ni kwamba nyumba haitaanguka. Kisa ulichokijengea kilisema kwamba mtu mmoja hakukukatia tamaa, na hilo ni kweli. Mtu huyo alikuwepo. Nilikuficha sura yake tu. Kuhusu kunisamehe, chukua muda wako. Usiniandikie sifuri leo, wala usiniandikie kumi kwa huruma kwa sababu ninakufa. Subiri dakika ya tano ifike, kisha uandike unachokiona.

Nisalimie mwenzio, mwambie viatu vyako vya juu avifiche. Nisalimie mjukuu wangu mkubwa na yule mtundu, mwambie paka wake wa zamani ni bibi sasa. Mwanangu na mkamwana wanakusalimu. Mungu akupe mikono yenye joto na masikio makubwa, akuongezee siku zile ambazo mimi nimekwisha kuzitumia, na kila mtoto utakayempokea akutazame bila deni.

Nilitaka kukunja karatasi hizi sasa hivi, kwa kuwa Mama Dekio amepita kunijulia hali na atazipeleka posta mwenyewe. Ameketi kando ya kitanda, kavaa lile gauni la kijani, pindo kalikata vizuri. Nimemsomea barua yote. Amenirekebisha mahali pawili: anasema alikuwa na miaka ishirini na minane, siyo ishirini na sita, na kwamba mwanzo ulianza kwa kukoroma kidogo kabla ya chafya. Nimemwambia nitaviacha vya kwangu pale nilipoviandika na vya kwake nitaviandika hapa, bila kuongeza mkia popote. Sasa amenishika mkono. Anasema nisikunje bado, wino haujakauka.

Safari hii nasubiri.

Ni mimi akupendaye tangu dakika ya kumi,

Shangazi yako.